Mtaa Uliofukiwa Una Kibao

Mama alinijibu kwa sauti kwenye WhatsApp: "Mutoto yangu, hii si Birere? Umerudi lini bila kutuambia?"

Birere ni mtaa wa kwetu Goma, mashariki mwa Kongo. Nilikuwa nimemtumia picha moja tu. Mawe meusi yaliyochongoka, yamerundikana hadi karibu na uzio wa nyumba ya watu, na nyuma yake maji. Yale maji aliyadhania Ziwa Kivu. Kumbe ni bahari, na picha niliipiga Heimaey, kisiwa kidogo kusini mwa Iceland, ambako hata mwezi wa saba nilitembea na koti la baridi.

Ninaishi Reykjavik mwaka wa sita sasa, nafanya kazi jikoni hotelini. Wenzangu walikuwa wakinihimiza niende Heimaey nikaone ndege wa baharini wenye midomo ya rangi. Nikapanda feri pale Landeyjahöfn, na kabla ya saa moja kwisha tukawa tumefika. Ndege niliwaona. Lakini mtoto wa Goma akikanyaga lava, yale mawe yanayotoka mlima wa moto yakiwa yameyeyuka kisha yakaganda, macho yanarudi chini yenyewe.

Tarehe 23 Januari 1973, karibu saa nane usiku, ardhi ilipasuka ukingoni mwa mji ule. Dhoruba ya siku iliyotangulia ilikuwa imezuia mashua za uvuvi bandarini, na hizo ndizo zilizowavusha karibu wakazi wote 5,300 usiku huohuo. Moto uliwaka hadi Julai. Nyumba zipatazo 400 ziliungua au zilifukiwa, na mlima mpya ukaota, wakauita Eldfell, yaani mlima wa moto. Lava ilipoanza kuziba mlango wa bandari, waliimwagia maji ya bahari kwa mapampu, mamilioni ya tani, mpaka ikaganda. Bandari ikapona.

Tafadhali mtu asiniambie kwamba na sisi tungechota maji ya Kivu. Lava ya Nyiragongo, mlima wa moto ulio juu ya Goma, ni nyepesi, inakimbia kama uji uliomwagika. Ya Heimaey ilikuwa nzito, ikisogea taratibu. Januari 17, 2002, mlima ulifunguka asubuhi, na kabla ya usiku moto ulikuwa umeshapita katikati ya Goma ukielekea ziwani. Nilikuwa na miaka tisa. Tulivuka mpaka kwa miguu kwenda Gisenyi, mama ana mdogo wangu mgongoni na sufuria kichwani, na mwanamke wa Kinyarwanda ambaye hatukumjua akatulaza sebuleni kwake siku nne. Hakuuliza majina yetu mpaka tulipokwisha kula. Huku Ulaya sijapata bado kuona mlango unaofunguliwa namna ile, na nitalisema hilo popote.

Ila kuna jambo moja ambalo watu wa Heimaey wametushinda, nalo ndilo lililonifanya nikae chini juu ya mawe yale.

Juu ya lava wameweka vibao. Unapanda kilima cha mawe na nyasi, unakuta kibao kinachokuambia kwamba chini ya miguu yako kuna mtaa, na jina lake ni hili. Katika makumbusho yao, Eldheimar, wameifukua nyumba nzima, Gerðisbraut namba 10. Dari limebonyea, majivu yamejaa vyumbani, lakini namba ipo. Na baada ya maafa serikali iliunda mfuko wa kuwasaidia walioathirika, ikaagiza nyumba za mbao kutoka nje wapate pa kukaa. Mwaka 1975 ikaanzishwa bima ya maafa ya asili, ambayo kila mwenye nyumba nchini analazimika kuwa nayo.

Kwetu hakuja mtu na daftari kuuliza nyumba ilikuwa na vyumba vingapi. Zaidi ya watu laki moja walibaki bila makao, na wengi tulijenga upya juu ya lava ileile, kuta za mawe yaleyale yaliyotuangamiza. Watu wanasifu ujasiri wetu. Mimi sifa hiyo imenichosha. Ujasiri tulikuwa nao. Tulichokosa ni mtu wa kuandika. Mei 2021 mlima ukafunguka tena, watu wakakimbia tena, na kumbukumbu za wengi zikabaki vichwani mwao tu.

Sina hata picha moja ya nyumba niliyozaliwa. Albamu ilikuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda, na kitanda kiko chini ya mawe. Tangu Heimaey nimekuwa nikiwaza kwamba kibao si lazima kisubiri serikali. Mzee yeyote wa Goma aliyeishi mtaani kwake kabla ya 2002 anaweza kukuchorea mtaa mzima ukimpa karatasi, na wazee hao wanapungua.

Kwa hiyo nilimwambia mama hapana, sijarudi, hayo ni mawe ya watu wengine. Kisha nikamwomba anitajie nyumba za mtaa wetu, kuanzia kwenye kona. Alinyamaza kidogo, nikasikia akivuta kiti. Akaanza na kinu cha kusaga, kisha fundi cherehani, kisha yule mama wa maandazi aliyekuwa na mlango wa kijani. Anatuma sauti mbili tatu kila jioni akimaliza kupika, nami naandika. Jana tumefika nyumba ya saba.