Hamu ya Nini?

Swali la kwanza kwenye karatasi liliuliza ni siku ngapi, katika wiki mbili zilizopita, umekosa hamu ya kufanya mambo. Mvulana wa kidato cha pili aliyekaa nyuma karibu na dirisha akainua mkono. "Hamu ya nini?" Darasa zima likaangua kicheko, maana kila mtu alijua ni hamu ipi iliyompitia kichwani. Mimi nilikuwa kibarua wa miezi miwili, mkusanya data, nimefundishwa niyasome maswali kama yalivyo bila kuongeza neno. Nikalisoma tena vilevile. Wakacheka tena.

Lile swali lina asili yake. Limetoka kwenye PHQ-9, dodoso la kupima dalili za huzuni nzito, ile inayohesabiwa kuwa ugonjwa: maswali tisa yaliyochapishwa Marekani mwaka 2001, kila jibu likipewa alama kuanzia 0 hadi 3. Jumla ni 27, na kwa kawaida ukifika 10 unahesabiwa kuwa mtu wa kuangaliwa kwa karibu. Walioyatunga walikuwa na wagonjwa wazima mbele yao, watu waliojipeleka wenyewe kwa daktari. Leo yanasomwa kwa watoto wa miaka 15 waliokusanywa darasani saa nane mchana, njaa ikiwauma. Kuna watafiti wa hapa kwetu, wakiwemo wa Kilifi, waliokaa wakayapima haya madodoso ya Kiswahili wajue kama yanashika kinachotakiwa kushikwa. Kazi hiyo haina makeke na haitajwi redioni, lakini bila hiyo takwimu zote zinazofuata zinaelea hewani.

Chukua ile namba inayopenda kurudiwa: asilimia 44. Ilitoka kwenye utafiti wa kitaifa wa Kenya uliotolewa 2022, ulioongozwa na APHRC, kituo cha utafiti wa afya cha Nairobi, ukahoji vijana wa miaka 10 hadi 17 na wazazi au walezi wao katika kaya zaidi ya 5,000. Asilimia 44.3 walionekana kuwa na tatizo la afya ya akili katika mwaka uliotangulia. Waliofikia kiwango cha kuitwa wagonjwa kwa vigezo vya kitabibu walikuwa asilimia 12.2. Ya kwanza tunaitangaza kwa sauti, ya pili tunaimeza. Mtu akisimama kwenye mkutano wa wazazi akasema karibu nusu ya watoto wenu ni wagonjwa, anasema kitu ambacho utafiti haukusema.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba utafiti wa namna hiyohiyo ulifanywa pia Indonesia na Vietnam. Indonesia walipata tatizo kwa asilimia 34.9 na ugonjwa kwa 5.5. Vietnam, 21.7 na 3.3. Je, watoto wa Kenya wanateseka mara mbili ya wale wa Vietnam? Huenda. Huenda pia mtoto wa Vietnam amelelewa kutomwambia mgeni mambo ya moyoni, au wa kwetu akiulizwa kama ana wasiwasi husema ndiyo kwa sababu karo haijalipwa na yuko karibu kurudishwa nyumbani. Sina ubishi na mateso. Nataka tu tukiri kwamba mtoto hajibu karatasi, anamjibu mtu aliyeishika.

Na hapa maneno yana kazi kubwa. Ile huzuni nzito watafsiri wanapenda kuiita "unyogovu", neno ambalo sijawahi kumsikia mtu akilitamka nyumbani kwao. Tanzania wana "sonona", angalau hilo lina harufu ya Kiswahili. Lakini vijana niliowasikia walisema kichwa kimejaa, roho haitulii, niko na stresi, nimechoka. "Nimechoka" hiyo ina tabaka nyingi, na dodoso lina kisanduku kimoja tu cha uchovu.

Ndiyo maana ninaupenda utafiti wa Shamiri, hata jina lake. Walianza na jaribio dogo la vijana 51 Kibera, kisha wakafanya kubwa zaidi, la wanafunzi 413 wenye dalili za huzuni na wasiwasi, matokeo yakachapishwa 2021. Waliowakusanya wanafunzi hao vikundi vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa vijana waliomaliza sekondari juzijuzi, kaka na dada tu. Vikao vinne, kimoja kwa wiki, na ugonjwa haukuwa ndio mazungumzo: walizungumzia kwamba mtu anaweza kubadilika, shukrani, na mambo ambayo kila mmoja anayathamini. Kundi la kulinganisha lilifundishwa mbinu za kusoma. Dalili zilipungua zaidi kwa waliopitia Shamiri. Wataalamu watasifia jinsi wanafunzi walivyogawanywa makundi kwa bahati nasibu, na wana haki. Mimi nasifia uamuzi wa kutomwita mtoto mgonjwa ndipo umsaidie.

Maana nimekaa kibarazani kwa mama mmoja, fomu ya ridhaa mkononi, akaisoma yote taratibu kisha akanitazama. "Kwani mwanangu ameshakuwa mwendawazimu?"

"La, mama, ni maswali tu."

"Sasa maswali ya nini, kama hana kitu?"

Alinipa chai na mahamri. Sahihi hakunipa. Mpaka leo sijaona kosa lake. Karatasi yetu ilikuwa imeandikwa "matatizo ya akili" mara tatu kwenye ukurasa wa kwanza.

Nirudi kwenye lile darasa. Fomu ilisema majibu yatabaki siri. Mwalimu wa zamu, kwa nia njema kabisa ya kutuliza kelele, alikuwa akipita katikati ya madawati, mikono nyuma. Nilipopita kuzichungulia zile karatasi niliona sifuri zimepangwa mstari mmoja kuanzia juu hadi chini, dawati kwa dawati. Kengele ikalia, mwalimu akatoka kwenda ofisini. Ndipo yule mvulana wa dirishani akainua mkono tena, safari hii bila kuchekesha mtu, na wasichana wawili wa mbele wakafuata. Walitaka kujua kama nina fomu nyingine, tupu.

Nilikuwa nazo nne.