Nani afikishwe kwenye alama ya reli?

Ukiingia kwa njia ya amri kwenye ruta, kifaa kinachoelekeza mawasiliano kati ya mitandao, iliyotengenezwa na kampuni ya Cisco, unakaribishwa na jina la ruta na alama ya >. Hapo wewe ni mgeni wa barazani: unatazama mambo machache, unapima kwa ping kama njia iko hai, basi. Ukiandika enable na kutoa nywila, alama inageuka kuwa #, alama ya reli. Sasa unaona mipangilio yote, na unaweza hata kuizima ruta na kuiwasha upya. Amri ya configure terminal inakuingiza ndani zaidi, ambako kila unachoandika kinaibadilisha ruta yenyewe.

Swali linalorudi kila anapoajiriwa fundi mpya: huyu aishie barazani au apewe nywila ya enable?

Wanaotaka abaki barazani nawaelewa vizuri. Kwenye mfumo wa kawaida wa Cisco, ukishabonyeza Enter amri inashika papo hapo. Swichi zao, vifaa vinavyounganisha mashine ndani ya mtandao, ni hivyo hivyo: unataka kuongeza VLAN 30 (VLAN ni mtandao mdogo uliotengwa ndani ya mkubwa) kwenye kiungo cha trunk, yaani kiungo cha pamoja, kinachobeba nyingine kumi, ukisahau neno moja tu, add, zile kumi zinaondolewa inabaki 30 peke yake. Kama na wewe ulikuwa umepitia mojawapo ya zile kumi, umejifungia nje.

Lakini mlango huu wa nywila unamzuia asiye na ruhusa, haumzuii mwenye ruhusa anayekosea. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilitoweka kwa takriban saa 6. Chanzo kilikuwa amri iliyotolewa na wahandisi wao wenyewe wakati wa matengenezo ya kawaida, na programu ya ukaguzi iliyopaswa kuizuia ilikuwa na hitilafu.

Halafu kuna zamu ya usiku. Fundi anaona kiolesura, yaani mlango wa ruta unaounganisha na mtandao, kimezimwa, dawa anaijua, ni amri ya no shutdown, lakini hana ruhusa. Anampigia bosi, simu haipokelewi, wateja wanasubiri. Nimeona kinachofuata mahali kama hapo: nywila moja ya enable inaandikwa kwenye karatasi na kila mtu anaitumia. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu likitokea kosa hakuna anayeweza kujua ni la nani, na fundi mdogo ndiye anayebebeshwa.

Kuna njia ya katikati. Ruta ina ngazi kuanzia 0 hadi 15: baraza ni ngazi ya 1, alama ya reli kwa kawaida ni ya 15, na zile za 2 hadi 14 zimeachwa uzigawe mwenyewe. Unaweza kumpa fundi ngazi ya 5 yenye ruhusa ya kuwasha kiolesura na si zaidi. Tatizo ni kwamba kila amri unaipangia ngazi kwa mkono, ruta moja baada ya nyingine, na ngazi ya juu inarithi yote ya chini yake. Kwa ruta nne inawezekana. Kwa mia moja utachoka.

Mimi ningempa fundi alama ya reli, ila kwa akaunti yenye jina lake na kumbukumbu ya kila amri. Na kabla hajagusa ruta ya mbali, aandike reload in 10: akijikatia njia, baada ya dakika 10 ruta itajiwasha upya na kurudi kwenye mipangilio iliyohifadhiwa, mradi hakuhifadhi alichokosea. Mambo yakienda sawa, aandike reload cancel. Juniper, kampuni nyingine ya ruta, wameliweka hili vizuri zaidi kwa commit confirmed, inayorudisha mipangilio ya awali bila kuizima ruta.

Ruta ya kiini, ile inayobeba wateja wote, ningeitenga. Hiyo ibadilishwe na watu wawili waliokaa pamoja, mmoja akiandika na mwenzake akisoma kabla ya Enter.