Kabla ya kuniuliza kama nimeridhika na kazi, niulize nani yuko na mtoto

Kila mwaka msimu wa utafiti unapofika, ofisi za Dar es Salaam hupokea wageni wa aina moja: wanafunzi wa shahada ya uzamili wenye hojaji. Barua ya utambulisho kutoka chuoni, kurasa kadhaa zilizobanwa pini, na ahadi kwamba majibu yatakuwa siri. Mada nazo ni zilezile. Kuridhika na kazi, uwiano wa kazi na familia, uaminifu wa mfanyakazi kwa taasisi yake. Mimi niko idara ya utumishi, kwa hiyo nazipokea, nazigawa, na mara nyingi nazijaza. Sina ugomvi na mwanafunzi. Ugomvi wangu ni na hojaji.

Maswali hayo yana ukoo wake. Ukikuta sehemu ya kuridhika na kazi imegawanywa katika kazi yenyewe, mshahara, kupanda cheo, msimamizi na wafanyakazi wenzako, ujue unasoma kipimo kilichotoka Marekani mwaka 1969, kazi ya Patricia Smith na wenzake. Miaka kumi kabla yao, Frederick Herzberg alikuwa ameshatoa matokeo ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Hoja yake inasomeshwa hadi leo: vinavyomkera mtu kazini, kama mshahara, sera na usimamizi, haviko kwenye mzani mmoja na vinavyompa raha. Ukimwondolea kero ameacha kukereka tu, bado hajafurahi. Hoja hii naipenda, maana inaeleza kwa nini nyongeza ya mshahara iliyopigiwa makofi Julai huwa imesahaulika ifikapo Oktoba.

Lakini tazama waliohojiwa. Katika Marekani ya miaka ya 1950 mhandisi kwa kawaida alikuwa mwanamume mwenye mke nyumbani. Chakula, sare za shule, mtoto aliyeamka na homa, vyote vilikuwa na mwenyewe. Hakukuwa na haja ya kumuuliza nani amebaki na mtoto.

Wanawake walipojaa maofisini ndipo swali lilipopata uzito. Mwaka 1985 Jeffrey Greenhaus na Nicholas Beutell waliandika makala ambayo karibu kila tasnifu ya uwiano wa kazi na familia inaitaja. Walisema kazi na familia hugongana kwa njia tatu. Ya kwanza ni muda: ukiwa Ubungo kwenye foleni saa moja na nusu usiku, huko nyumbani hupo. Ya pili ni uchovu wa akili: umefika, umekaa kwenye kochi, mtoto anakuonyesha daftari nawe unaona ripoti ya robo mwaka. Ya tatu ni tabia. Ukali na ubaridi unaomsaidia mtu kusimamia watu kumi ghalani ndio unaomfukuzia mwanawe chumbani. Hii ya tatu huku kwetu haijachunguzwa vya kutosha, na kwa nilivyowaona baadhi ya mabosi, ingetoa tasnifu nzuri sana.

Tatizo ni kwamba sote tumeichukua picha hiyo pamoja na nyumba yake: baba, mama, watoto wawili, basi. Watafiti wenyewe wameshaonyesha kwamba nyumba hiyo haipo kila mahali. Mwaka 2004 Paul Spector na wenzake walilinganisha mameneja wa nchi kama Marekani, Uingereza na Australia na wale wa China na Amerika ya Kilatini. Kwa wale wa kwanza, kadiri saa za kazi zilivyoongezeka ndivyo mgongano na familia ulivyoongezeka. Kwa China na Amerika ya Kilatini uhusiano huo ulikuwa dhaifu zaidi. Maelezo yanayotolewa ni kwamba katika jamii za aina hiyo mtu anayefanya kazi saa nyingi anaonekana anajitolea kwa ajili ya familia, wala hajaitoroka. Huenda ni kweli. Ila mimi nikisoma matokeo hayo nauliza swali la kimbea: jikoni alikuwa nani?

Maana huku kwetu jikoni yuko dada.

Dada wa kazi, hausigeli, beki tatu kwa lugha ya vijana. Katika ofisi ninazozijua, mama mwenye mtoto mdogo anayefika kazini saa mbili kamili na kukaa kikao cha jioni bila kuangalia simu ni mama mwenye dada wa kuaminika. Akijaza hojaji mwezi Oktoba ataweka alama kwenye "nakubali kabisa": kazi yangu hainizuii kutimiza majukumu ya familia. Mwanafunzi ataingiza namba kwenye kompyuta na kuandika kwamba taasisi hii ina mazingira rafiki kwa familia. Taasisi haijafanya lolote. Kilichopimwa pale ni msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Singida au Iringa ambaye jina lake halimo kwenye karatasi.

Mpelekee mama huyohuyo hojaji Januari. Dada alikwenda kwao Krismasi na nauli ya kurudia mkononi, na simu yake sasa haipatikani. Januari kwetu ni mwezi wa ruhusa za dharura: wa kuchelewa, wa kuondoka saa nane, wa mtoto kukaa chini ya meza ya mapokezi akichora kwenye bahasha. Mshahara haujabadilika, msimamizi ni yuleyule, na kuridhika kumeporomoka. Kwa vipimo vya 1969 hilo huwezi kulieleza, isipokuwa useme wafanyakazi wamepungukiwa ari.

Sasa tumgeukie dada mwenyewe, kwa sababu naye ni mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikumwacha nje. Inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na malipo ya moja na nusu kwa saa za ziada. Chukua dada anayeamka saa kumi na moja alfajiri na kulala saa nne usiku. Mtolee saa mbili za kupumua katikati. Akianza Jumatatu, Jumatano usiku anapozima taa ya jikoni saa zake 45 zimekwisha. Alhamisi hadi Jumapili ni ovataimu ambayo hakuna anayeiandika popote. Amri ya kima cha chini iliyoanza kutumika Januari 2023 ilimwekea anayelala kwa mwajiri Sh60,000 kwa mwezi, na wapo ambao hawakuzifikia hata hizo. Wanaojua haya ni watu wa CHODAWU, chama kinachowatetea pia wafanyakazi wa majumbani, na wachache wengine. Mama wa ofisini, ambaye anaweza kukutajia siku zake 84 za likizo ya uzazi na saa mbili za kunyonyesha akiwa usingizini, haya ya dada hayajui, au anayajua na kunyamaza.

Na mara nyingi dada huyo ana mtoto. Yuko kwa bibi yake kijijini, anatumiwa hela kwa simu. Mwanasosholojia wa Marekani Arlie Hochschild aliuita mtiririko wa namna hii mnyororo wa malezi: mama mmoja anamlipa mwingine amlelee, huyo naye anamwachia wa tatu, na kila hatua malipo yanashuka. Yeye aliwatazama zaidi wanaovuka mipaka, na sisi tunawajua wetu waliokwenda Oman na Saudi Arabia kufanya kazi za ndani. Ila mnyororo wenyewe hauhitaji pasipoti. Unaanzia Mbezi na kuishia Manyoni.

Najua nitaambiwa nini. Kwamba msichana huyu asingekuwa mjini angekuwa nyumbani bila senti. Sawa, wala sijasema watu wawaache dada zao. Nyumba yangu pia imelelewa na dada. Ninachokataa ni mwajiri mkubwa, mwenye sera ya ustawi wa wafanyakazi iliyowekwa kwenye fremu pale mapokezi, kuuegemeza uwiano wake wote kwenye mshahara mdogo wa dada ambao hata hautoki mfukoni mwake. Kituo cha kulelea watoto kazini kingegharimu fedha. Ratiba inayomruhusu mtu kuingia saa moja na kutoka saa tisa haigharimu chochote, na bado mabosi wanaikataa kwa sababu wanapenda kuona vichwa vya watu mezani. Na baba, je? Sheria yetu inampa angalau siku tatu mkewe akijifungua. Kenya wanatoa wiki mbili, na Sheria yao ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Siku tatu zinatosha kumtoa mama hospitali na kununua beseni. Baada ya hapo baba anarudi ofisini, na kwenye hojaji ya mgongano wa kazi na familia ndiye anayeonekana mtulivu kuliko wote. Hapo watafiti huandika kwamba wanaume wanakabili msongo vizuri zaidi. Jamani.

Kwa hiyo mwanafunzi ajaye, kabla sijamgongea mhuri, nitamwomba aongeze maswali machache. Saa hizi uko kazini, nani yuko na mtoto? Analipwa na nani, kiasi gani, na anapumzika siku ipi? Mara ya mwisho alipoondoka, wewe ulikosa siku ngapi kazini? Kisha achukue nakala chache za hojaji yake, azipeleke kwa dada wenyewe, na awasomee kwa mdomo kama kusoma kunawasumbua: unaridhika na kazi yako, msimamizi wako anakuheshimu, kazi inakuacha uwe na familia? Awahoji nje, sokoni au kwenye foleni ya maji. Wakihojiwa sebuleni mama mwenye nyumba akiwa chumba cha pili, wote watajibu "nakubali kabisa".