Nane na Nane ni Kumi

Nimeshabishana na watoto, nimeshabishana na fundi bomba, lakini kubishana na chombo kisichojua hata jina lake, hilo limenipata juzijuzi.

Ninayo kompyuta ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, inayoendeshwa na mfumo uitwao Unix, bapa, zile zilizopewa jina la utani la sanduku la piza. Nilipewa bure. Ukiona kitu kizito kinagawiwa bure na anayekupa anakusaidia kukibeba mpaka nje, jiulize.

Nikabonyeza swichi. Feni ikavuma, taa ikawaka, skrini ikawa nyeupe pee, nami nimesimama kifua mbele kama bwana harusi. Ikaandika kwamba kitambulisho chake si halali. Si halali! Nimekupandisha ngazi tatu kwa mgongo huu, leo wewe ndiye unayezungumzia uhalali? Chini yake ikaweka anwani yake ya mtandao: ff:ff:ff:ff:ff:ff. Kisha kimya.

Nilingoja. Nikanywa chai, nikarudi, bado kimya.

Kumbe kompyuta hizi zikipotewa na kumbukumbu haziendi kwenye diski yao iliyo humohumo ndani. Zinatoka barabarani! Zinapiga kelele kwenye waya wa mtandao: enyi mliopo, anwani yangu ni hii, niambieni naitwa nani. Sasa hiyo anwani ya ff tupu, kwa lugha ya mtandao maana yake ni "nyote". Yaani mzee kasimama njia panda anawauliza wapita njia: jamani, mimi nyote ni nani? Na hakukuwa na wapita njia. Nyuma ya ule waya hakuna kitu, niliuchomeka ili mashine ipendeze.

Rafiki yangu mmoja mjuzi akanielekeza kwa simu: bonyeza Stop na A kwa pamoja. Nikabonyeza. Mashine ikaacha kuita, ikaandika neno moja: ok. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Ok nini? Diski haionekani, jina hulijui, unaniambia ok?

"Hapo uko ndani ya Forth," akasema rafiki. Ni lugha ya programu iliyobuniwa na Charles Moore, na ina adabu zake: namba hutangulia, kitendo hufuata. Nikasema ngoja nimpime akili mgonjwa kwanza. Nikaandika 8 8 + na nukta. Ikajibu: 10.

Nikamwita mama watoto aje kushuhudia. Akatazama skrini, akanitazama mimi, akasema, "Na wewe ndiye unayetaka iamke?" Akaenda zake. Baadaye nikaelezwa kwamba pale mashine huhesabu kwa kumi na sita, kwa hiyo 10 yake ndiyo 16 yetu. Sawa. Lakini ningekuwa mimi nimeandika nane na nane ni kumi mtihanini, nani angenisikiliza?

Tukaingia kwenye diski. Waya wake ni wa SCSI, wenyewe huutamka skazi, na una masharti kama mganga: kila kifaa kiwe na namba yake, wawili wasishirikiane, na ncha zote mbili za mnyororo zizibwe. Jioni nzima niko chini ya meza natafuta ncha. Nikaandika probe-scsi, yaani piga hodi uone nani yupo. Hakuna aliyeitikia. Nikatega sikio kwenye boksi: feni peke yake. Diski haizunguki kabisa.

Ikikaa miaka bila kuwashwa, vichwa vyake vya kusomea hugandia kwenye sahani inayozunguka. Dawa yake naona haya kuisimulia. Unaichomoa, unaishika kiganjani, unaizungusha ghafla kwa kifundo cha mkono kama mtu anayefungua kopo lililokwama. Nikafanya hivyo, nikairudisha, nikawasha. Ikalia wiiiii, nyembamba, ikipanda. Mwenzenu nikapiga vigelegele, mwanamume mzima.

Na bado haijui jina. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye chipu moja yenye miguu 24, inayotunza kitambulisho na saa. Betri yake imezikwa ndani ya chipu yenyewe, ikamwagiwa gundi ngumu kama jiwe, na huishi kama miaka kumi hivi. Aliyebuni hilo nadhani hakutarajia mtu atakuwa na uhusiano wa muda mrefu na kompyuta. Mashine nzima, chuma kitupu, imeangushwa na betri kama ya rimoti ya gari! Nikachukua tupa, nikasugua plastiki mpaka nikafikia waya mbili, nikaunganisha betri mpya ya volti 3 kwa nje. Imekaa juu ya chipu kama kofia ya kuazima. Inafanya kazi, usinicheke.

Kisha kuibatiza upya: kitambulisho kina vipande 16, unaviandika kimoja kimoja, na cha mwisho ni hakikisho la vilivyotangulia. Ukikosea herufi moja, unarudishiwa lile lile la si halali. Nilirudishiwa mara mbili. Wajuzi huweka c0ffee mwishoni mwa anwani, kwa kuwa kwenye ile hesabu ya kumi na sita herufi huishia f, na kahawa ya Kiingereza, coffee, inatosha humo ukiweka sifuri badala ya o. Nami nikaweka hivyo hivyo. Sina nguvu za kubuni jina la mtoto wa watu.

Ikawaka. Ikakagua mafaili yake, ikanung'unika, ikaniletea mahali pa kuingilia.

Sasa tatizo ni kelele. Wiki ya tatu hii inavuma usiku na mchana, maana siizimi ng'o. Nikiizima diski itaganda tena, na kifundo changu cha mkono bado kinauma. Jana mama watoto akauliza, "Kwani inafanya nini muda wote huo?"

"Inaonyesha saa."

Akaja, akainama, akaisoma. Akatazama dirishani. Nje jua linawaka.

"Inasema usiku wa manane."

Nikamwambia sijafika hapo.