Udongo wa juu usitupwe

Si mbali na nyumbani kwetu Handeni kuna shimo la moramu. Barabara ilipotengenezwa, katapila lilichimba, malori yakabeba, kazi ikaisha. Baadaye tukaitwa kupanda miti. Tulipanda mwezi wa Juni, masika yamekwisha, picha zikapigwa, kila mtu akarudi kwake.

Septemba nilikwenda kuutazama mche wangu. Niliuvuta kwa vidole viwili ukang'oka mzima, mkavu kama njiti ya kiberiti. Mizizi ilikuwa bado imejikunja kwa umbo la kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche, haijatoka nje hata kidogo. Ingetokaje? Chini palikuwa pagumu kama sakafu, pameshindiliwa na magurudumu ya malori.

Lakini ukingoni mwa shimo lilelile kuna lundo ambako hakuna aliyepanda kitu. Ni ule udongo mweusi wa juu, uliosukumwa kando ili moramu ionekane. Pale nilikuta nyasi, mbigili, na migunga mitatu inayonifika gotini. Nililitazama lundo lile kwa uchungu. Tulikuwa tumebeba miche kwenye gari kutoka mbali, na mbegu zilikuwa pale pale pembeni!

Udongo wa juu si uchafu wa kuondolewa njiani. Ndani yake mna mbegu zilizolala, vipande vya mizizi, ukungu unaoisaidia mizizi kunyonya, na wadudu wasiohesabika. Ukirundikwa mrefu kama kichuguu na kuachwa miaka, vya ndani hukosa hewa na kufa. Ukiwekwa kwenye matuta mafupi na kurudishwa mapema, huota wenyewe. Ndiyo maana nasema kurudisha uoto huanza siku ya kwanza ya kuchimba, na anayengoja mpaka mwisho ameshachelewa.

Wengi hutolea mfano Bamburi, Mombasa, ambako René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza mwaka 1971 kuotesha msitu kwenye machimbo ya chokaa. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Lakini tuisome vizuri: alijaribu aina 26 za miti, zikaishi tatu, mvinje ukiwa mmojawapo, na ilibidi majongoo watafune majani yake miaka na miaka ndipo udongo upatikane. Tena pale maji yapo karibu chini ya mwamba. Handeni hatuna maji hayo. Tuna masika na vuli, na vuli yenyewe mwaka mwingine hupita bila kulowesha mashina.

Kwa hiyo sakafu ya shimo ivunjwe kwa meno ya katapila kabla halijaondoka, kingo zilazwe, yachimbwe makinga maji yenye umbo la nusu mwezi, udongo wa juu urudishwe, kisha pazungushiwe miiba mbuzi wasiingie. Miche ije mwisho, na ije na mvua. Haya yaandikwe kwenye mkataba, na mkandarasi asilipwe fedha ya mwisho mpaka kijiji kikague. Mashimo madogo kama letu ndiyo yanayosahaulika, maana hakuna mgeni mkubwa anayekuja kuyatazama.

Lundo letu bado lipo. Nimezungumza na majirani wanne, tuna masululu, matoroli mawili, na wiki chache kabla ya vuli. Tutaanza upande wa juu, maji yanakoingilia.