Ralph Verney na kiapo alichokikataa

Ukoo wa Verney wa Claydon, Buckinghamshire, hutajwa zaidi kwa sababu ya baba. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, kati ya mfalme na Bunge, Sir Edmund Verney alibeba bendera ya Mfalme Charles I kwenye pigano la Edgehill, tarehe 23 Oktoba 1642, akafa akiitetea, na mwili wake haukupatikana. Mwanawe mkubwa, Ralph, mbunge wa Aylesbury, alikuwa upande wa pili, upande wa Bunge. Mwaka uliofuata Bunge hilohilo lilipowataka wabunge wale kiapo cha kuligeuza kanisa, alikataa, akaondoka na mkewe na watoto wawili kwenda Ufaransa. Baba amebaki shujaa. Mwana huelezwa kama mtu vuguvugu, aliyeweka mguu mmoja ndani na mwingine nje, kisha akakimbia mambo yalipochacha.

Hukumu hiyo inampunja Ralph, na njia ya kuliona hilo ni kuanza na baba mwenyewe. Kabla ya Edgehill, Sir Edmund alimweleza Edward Hyde, mshauri wa mfalme, yaliyokuwa moyoni mwake: hakuupenda ugomvi ule, alitamani mfalme akubali matakwa ya Bunge, na hakuwa na heshima kwa maaskofu ambao kwa ajili yao, kwa maoni yake, watu walikuwa wanakwenda kuuana. Ila alikuwa amekula mkate wa mfalme na kumtumikia kwa karibu miaka 30, na kumwacha wakati huo aliona ni aibu. Kwa hiyo alikufa kwa jambo asiloliamini. Hilo tunaliita uaminifu, na ni uaminifu kweli. Mwanawe alipoambiwa aape kwa jambo asiloliamini, akasema siwezi. Sioni ni kwa mizani gani la kwanza liwe ushujaa na la pili liwe udhaifu.

Wanaomlaumu Ralph wana hoja, tena nzito. Bunge la 1643 halikubuni kiapo kwa kupenda kuwasumbua watu. Julai mwaka huo lilikuwa limepoteza Bristol, majeshi ya mfalme yalikuwa yanasonga mbele, na msaada pekee wa maana ulikuwa Uskoti. Waskoti walikuwa tayari kuleta jeshi, kwa sharti kwamba Waingereza waape pamoja nao kuligeuza kanisa na kuwaondoa maaskofu. Wabunge waliapa Westminster tarehe 25 Septemba. Mtu aliyekwisha kuchagua upande katika vita, wanasema wakosoaji, hana haki ya kuchagua vipande vya upande huo. Tena Aylesbury haikuwa jimbo la mbali. Ilikuwa kati ya London ya Bunge na Oxford ya mfalme, penye askari na hatari kila siku. Machi 1644 nyumba ya wajomba wa Ralph huko Hillesden, jirani na Claydon, ilizingirwa na jeshi la Bunge na kuteketezwa. Watu wa Aylesbury walihitaji mbunge aliyeko Westminster, na wao walikuwa na mbunge aliyeko ng'ambo ya bahari.

Hoja hiyo ya uwakilishi ndiyo inayonipa taabu zaidi, na siwezi kusema imejibika yote. Lakini tuangalie alichokataa hasa. Ralph alikuwa amekaa bungeni tangu 1640, akiandika kwa penseli yaliyokuwa yakisemwa. Ni mmoja wa waliotuachia habari za siku ile ya Januari 1642 mfalme alipoingia bungeni mwenyewe kuwakamata wabunge watano. Baba yake alipokwenda kwa mfalme, yeye alibaki Westminster. Mdogo wake Edmund, ambaye nyumbani walimwita Mun, alimwandikia kwa uchungu kwamba wajibu kwa mfalme ulikuwa unamfanya awe adui wa kaka anayempenda. Hata barua hiyo haikumtoa. Mtu mwoga angekwishahama zamani, wakati kuhama kungemrudishia baba na ndugu. Alichokikataa ni kumwapia Mungu kwamba ameshawishika juu ya mageuzi ya kanisa, ilhali hajashawishika. Wangapi kati ya walioapa siku ile walikuwa na shaka zilezile, wakainua mkono ili waendelee na maisha yao?

Na kukataa hakukuwa rahisi mfukoni. Tarehe 22 Septemba 1645 Bunge lilimvua kiti kwa kutohudhuria. Kuvuliwa kiti kulimvua pia kinga ya mbunge dhidi ya kukamatwa kwa madeni, na madeni yalikuwa mengi, kwa kuwa Sir Edmund alimwachia mzigo. Mashamba ya Claydon yakazuiwa kana kwamba Ralph ni mwasi aliyepigania mfalme. Alikuwa na dada watano ambao hawajaolewa, kila mmoja akihitaji fedha ambazo msichana wa tabaka lao alitakiwa kwenda nazo kwa mume, na fedha hizo zilitegemea mashamba yaleyale. Saini moja ingepunguza sehemu kubwa ya matatizo haya.

Hapa ndipo lawama kali kuliko zote inapoingia: dhamiri ilikuwa ya Ralph, lakini malipo alilipa Mary, mkewe. Mwishoni mwa 1646 Mary alirudi Uingereza peke yake, akiwa mjamzito, kuhangaikia mashamba. Ralph alibaki Blois, Ufaransa, na watoto. Mjomba wa Ralph, daktari William Denton, alikuwa ameshauri hivyo, kwa sababu wakati ule mwanamke akienda mbele ya kamati ya Bunge iliyozuia mashamba alisikilizwa kuliko mume, ambaye angeweza kutiwa ndani akishuka tu melini. Ushauri ulikuwa wa busara. Lakini fikiria mwaka wa 1647. Mary anabisha hodi kwa wakubwa wa London, anangojeshwa, anarudi kesho. Juni anajifungua mtoto wa kiume, anampa jina la Ralph. Anakwenda Claydon kumwona John, mtoto waliyemwacha Uingereza, anamkuta na miguu iliyopinda vibaya. Kisha, majira ya vuli, kichanga kinafariki, na karibu na siku hizohizo binti yao Peg anafariki Blois. Mary hakuwapo Peg alipokata roho. Ralph hakuwahi kumwona kabisa yule mwana. Kila mmoja alikuwa na habari ya msiba ya kumwandikia mwenzake, ng'ambo na ng'ambo.

Ukisoma hayo, ni vigumu usijiulize kama maaskofu wa Uingereza walistahili gharama hiyo. Nami najiuliza. Hata hivyo lawama hiyo inamtwisha Ralph kazi ya wengine. Yeye hakuyazuia mashamba. Ni kamati iliyoamua kwamba kutokuwapo ni sawa na uasi. Na Januari 1648, kwa juhudi za Mary na msaada wa marafiki wenye uwezo, zuio liliondolewa, Ralph akiwa bado hajaapa. Walioyazuia mashamba walikubali kuyaachia bila saini waliyoidai, miaka zaidi ya minne baadaye, watoto wawili wakiwa kaburini. Mary alirudi Blois na John, na huko akafariki Mei 1650, akiwa na umri wa miaka 34. Ralph hakuoa tena. Mun alikuwa ameshauawa Drogheda, Ireland, Septemba 1649, na barua iliyomfikia Ralph ilisema aliuawa siku tatu baada ya kuahidiwa usalama.

Huyu aliyetendewa na Bunge kama mwasi alirudi nyumbani 1653, na mwaka 1655 serikali ya Oliver Cromwell, aliyetawala Uingereza wakati haina mfalme, ikamfunga kwa miezi kadhaa kama mtu wa mfalme. Mfalme mpya, Charles II, alipokuja alimpa cheo cha baroneti, 1661. Wapiga kura walikuwa na nafasi ya kuamua kama mtu wa namna hii aliwahi kuwatupa: Buckingham, mji wa mkoa wake uleule, ulimchagua kuwa mbunge mwaka 1681, ukamchagua tena 1685, na tena 1689, alipokuwa na miaka zaidi ya 70.