Njano ni Yanga, Nyekundu ni Simba

Watu wa Mwanza tuna kipaji kimoja: wingu jeusi likisimama juu ya ziwa na upepo ukianza kurusha mchanga wa Kirumba, kila mtu anatoka nje kulitazama. Nje! Mwenye simu anarekodi, mwenye mtoto anambeba begani naye aone vizuri. Mamlaka ya Hali ya Hewa wametangaza tangu jana: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Kwetu njano ni Yanga na nyekundu ni Simba, mjadala umefungwa.

Haya, radi. Ngosha, hesabu basi! Ukiona mwanga anza moja, mbili, tatu, mpaka ngurumo isikike. Kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Ngurumo ikiwahi kabla hujafika 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na inayofuata inaweza kukuangukia wewe. Ingia ndani. Ndani ni nyumba yenye kuta na paa. Kibanda cha chipsi siyo ndani. Chini ya mwembe siyo ndani. Watu watatu kwenye bodaboda moja, mmejibana chini ya mwavuli wenye mti wa chuma, hiyo siyo ndani hata kidogo. Gari la bodi ya chuma lililofungwa vioo linafaa. Bajaji ya turubai haifai hata uibembeleze.

Na huko ndani sasa! Bibi kafunika kioo cha kabati kwa khanga, watoto wamevuliwa fulana nyekundu, nyumba nzima kimya. Baba yuko kwenye kochi anaongea na simu, waya wa chaji umeingia ukutani. Kioo kimekosa nini, jamani? Radi inasafiri kwenye nyaya na mabomba. Chomoa tivii na chaji mapema, ngurumo ikiwa bado mbali. Acha kuoga, acha kuosha vyombo bombani. Simu isiyo na waya ongea nayo mpaka salio liishe. Ngurumo ya mwisho ikishapiga, subiri dakika 30 ndipo utoke. Siyo dakika 3 za kuwahi embe zilizodondoka.

Mtu akipigwa na radi, umati unasimama mbali: "Msimguse, ana umeme!" Hana. Radi haibaki mwilini. Kama hapumui, mlaze chali sehemu ngumu, weka mikono miwili katikati ya kifua, bonyeza sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mwingine apige simu ya msaada. Anayerekodi video naye apangiwe zamu ya kubonyeza, maana mikono inachoka haraka.

Maji nayo. Mto Mirongo siku za jua ni mtaro wenye jina kubwa, unaupita huku unakula muhindi. Mvua ikishuka toka milimani unakuwa mto kweli. Hapo ndipo atatokea dereva: "Mimi hapa napita kila siku." Unapita pakavu, ndugu! Sentimita 15 za maji yanayokimbia zinaweza kumwangusha mtu mzima, 30 zinaweza kuliinua gari dogo likaelea, 60 zinabeba magari mengi unayoyaona barabarani. Tena chini ya maji hayo ya matope huoni kama mfuniko wa mtaro bado upo au ulishauzwa chuma chakavu.

Lakini hasira zangu zote ziko kwa huyu jirani wa juu mlimani. Anasubiri mvua kubwa ndipo afungulie choo. Mwaka mzima shimo limejaa, yeye anatazama mawingu tu. Mvua ikipiga, mzigo wake unapitia mlangoni kwa watu kumi kabla ya kufika ziwani, ambako kesho yake mtu anachota ndoo. Halafu kipindupindu kikija tunaulizana kimetoka wapi. Kwa hiyo mtoto asiogelee kwenye hayo madimbwi, na maji ya kunywa yachujwe kwa kitambaa safi, yachemke mpaka yatokote dakika moja nzima, yapoe yakiwa yamefunikwa. Uvuguvugu siyo kuchemsha.

Waliojenga chini ya mawe makubwa ya mlimani nao hawataki kusikia. "Jiwe hili lipo tangu babu." Babu hakuwa anachimba mchanga chini yake wala kulipasua kokoto! Ukiona ufa mpya ardhini, vijiwe vinaporomoka, au mlango uliokuwa unafunga vizuri umeanza kugoma, toka na watoto usiku huohuo.

Mvua ikikata, baridi. Nyuzi 18 na watu wanatetemeka, jiko la mkaa linaingizwa chumbani, mlango unafungwa, chini ya mlango panazibwa kwa kitambaa. Hapo mmejiua. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, mnasema malaria. Malaria gani inawashika wote kwa saa moja na kupungua mkitoka nje? Huko Chicago, Marekani, theluji ikiziba ekzosi ya gari linalounguruma, hewa hiyohiyo inaua waliomo. Wao wanapiga 911 kwa hatari, na 311 kuuliza ukumbi wenye joto uko wapi. Sisi ukumbi wenye joto ni blanketi, tena linatosha. Jenereta nalo likae nje, mita 6 toka dirishani, siyo koridoni eti lisiibwe.

Msaada upo: 114 ni Zimamoto na Uokoaji, 112 ni polisi. Tatizo ni maelekezo yetu. "Njooni hapa Mabatini, ukipita mti uliokatwa, uliza kwa Mama Neema." Mti uliokatwa wataupataje? Serikali imetupa namba za nyumba na majina ya mitaa, kibao chako umekifunika na tangazo la barafu. Kisome sasa hivi, ukiandike karibu na mlango kwa ndani. Ukipiga, taja mtaa, namba, kimetokea nini, watu wangapi wamenasa, na usikate wewe kwanza. Kisha acha laini wazi wakupigie. Shangazi wa Magu usimpigie kumwambia mvua inanyesha. Na kwake inanyesha.